Kidonge Chenye Mstari

Mimi Mnyamwezi, na Wazigua ni watani wangu. Nina haki ya kumwita jumbe wao mwizi wa kuku mbele ya wakwe zake, naye ana haki ya kunivua kofia sokoni akaondoka nayo, na hapana wa kukasirika. Ndivyo babu zetu walivyoachiana tangu enzi za misafara, na mwenye kununa kwa utani huonekana hakulelewa. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba ngozi yangu ni ngumu. Matusi hayanipati. Kilichonipandisha hasira mwaka ule kule Kwamsanja, hasira ambayo sijaimaliza hata leo, hakikuwa matusi. Yalikuwa maneno mazuri, yaliyosemwa kwa upole na mtu aliyevaa soksi zilizopigwa pasi.

Kwamsanja ni kijiji cha Wazigua, upande wa Mwera, nyuma ya mashamba ya mkonge, katika wilaya ya Pangani. Baba yangu aliletwa mkongeni kutoka Tabora akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Nikazaliwa kambini, nikabatizwa Timotheo, nikasomeshwa na mapadri mpaka nikawa dresa, msaidizi wa tabibu. Mwaka wa 1956 akaja daktari wa Kizungu kutafuta mtu anayejua kuchoma sindano, anayejua kuandika, na ambaye watu wa Kwamsanja hawatamkimbia. Akaonyeshwa mimi, maana mtani hakimbiwi.

Jina la kwao la huyo daktari lilikuwa gumu, kwa hiyo watu walimpa jingine. Walimwita Bwana Wengu. Kila mtoto aliyemwona alimlaza juu ya meza, akambonyeza chini ya mbavu za kushoto kutafuta wengu, ule ambao wengine huuita bandama, kwa sababu mtoto anayeshikwa na homa mara kwa mara wengu wake huvimba. Watoto walimzoea. Wakimwona barabarani walijilaza wenyewe vumbini na kufunua matumbo, wakicheka. Naye alicheka, akainama kuwabonyeza hapo hapo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ningemmaliza kwa neno moja.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa na darubini ya kutazamia damu, kingine kilikuwa na kabati la chuma lenye dawa. Bwana Wengu alikuja na Landrova yake, akakaa siku chache, akarudi Tanga. Aliyekiendesha kituo ni mimi. Nilichoma vidole vya watoto na kupaka damu kwenye vioo. Nilipiga rangi namba kwenye milango ya watu. Nilituliza waume waliotaka kujua damu ya wake zao inakwenda Tanga kufanya nini. Maneno ya mumiani yalipoanza, nilijichoma kidole changu mwenyewe mbele ya baraza, Jumbe Haji akasema, "Hiyo si damu, hayo ni maji ya mkonge," watu wakacheka, maneno yakafa. Mgonjwa akija, wa kijiji chetu au wa jirani, nilifungua kabati nikamtibu. Hayo ndiyo niliyoyaita kazi.

Kisha Bwana Wengu akaitisha baraza. Alisimama mbele ya watu, akanyoosha mkono kuonyesha njia iendayo kisimani, ambayo inakata kijiji kati kwa kati.

"Hii ndiyo mipaka," alisema. Kiswahili alikijua, alikuwa amekisoma kwa bidii. "Watoto wa nyumba za juu ya njia watapewa kidonge kila Jumatatu ili wasipate homa. Watoto wa bondeni hawatapewa. Tutawapima wote kwa miaka miwili, tuone tofauti."

"Na baada ya hapo?" aliuliza Jumbe Haji.

"Tutajua."

"Tutajua nini, Bwana?"

"Kama dawa inafaa."

"Kwani wewe hujui kama inafaa?"

"Nadhani inafaa. Kudhani si kujua."

Watu wakacheka. Walidhani anatania, na walifurahi kuona Mzungu amejifunza utani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshayaona makopo mawili ya rangi nyuma ya gari, nyekundu ya milango ya juu na nyeusi ya milango ya bondeni.

Nilimfuata kituoni. Nikamwambia, "Bwana, kabati limejaa. Vidonge vinawatosha watoto wote."

"Najua vinawatosha," alinijibu. "Lakini tukiwapa wote hatutakuwa na wa kuwalinganisha nao. Fikiri, Timotheo. Si kijiji kimoja tu. Ni pwani nzima, ni nchi nzima. Tukijua kwa hakika, serikali itatoa dawa kwa maelfu."

"Na wa bondeni?"

"Wa bondeni hawapotezi kitu. Wanabaki kama walivyokuwa kabla sijaja."

Nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya maji. Hata sasa nikikumbuka maneno yale damu hunichemka. Wanabaki kama walivyokuwa. Mtu akijenga kisima mlangoni pako akakuzuia usichote, akakwambia unabaki na kiu uliyokuwa nayo jana, utamjibu nini? Utampiga. Lakini nilikuwa mwajiriwa, na rangi nilipiga mimi.

Sasa sikiliza kuhusu Bi Mwamvua. Huyu mama aliishi juu ya njia, mlango mwekundu, pamoja na mtoto wake wa mwisho, Kijakazi, aliyemzaa wakati watu walishamtangazia uzee. Binti yake mkubwa, Mwatumu, aliolewa na Uweso na kukaa bondeni, mlango mweusi, hatua kidogo tu kuvuka njia. Mwatumu alikuwa na mtoto aitwaye Asmahani. Kwa hiyo Kijakazi alikuwa mama mdogo wa Asmahani, ingawa walilingana umri na Asmahani alikuwa akimpiga. Walikula sinia moja. Walilala walipokutwa na usingizi. Ukimwita mmoja, wanakuja wawili.

Kila Jumatatu nilipita milango myekundu na kopo la vidonge. Bi Mwamvua alinipokea kizingitini.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, we mbeba mizigo. Leo umemletea mwanangu sumu gani?"

"Ya kumkuza aolewe na mimi."

"Aolewe na manamba? Heri nimpe nyani."

Nilimpa kidonge, akaingia nacho ndani kumpa mtoto kwa uji, nami nikaenda mlango wa pili. Hivyo hivyo kijiji kizima cha juu, wiki baada ya wiki, hata mwaka ukapita.

Mwaka ulipotimia, Bwana Wengu akaja kupima matumbo. Akapima siku nzima, akakaa na karatasi zake, na jioni akaniita. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ile milango.

"Wengu za watoto wa juu hazijapungua inavyopaswa," alisema. "Za bondeni nazo hazikuvimba kama vijiji vingine. Pande mbili zimekaribiana. Vidonge vinakwenda wapi, Timotheo?"

"Kwa watoto wa juu."

"Mkongeni watu hununua vidonge kwa bei nzuri. Wewe una ndugu mkongeni."

Hapo nilisimama. Nimeitwa mengi katika maisha yangu, lakini mwizi nimeitwa na watani tu, na mtani hamaanishi asemalo. Nilimwambia, "Bwana, twende sasa hivi. Mlango wowote mwekundu, uchague wewe." Tukaenda. Wa kwanza njiani ulikuwa wa Bi Mwamvua, naye alikuwa anatwanga uani.

"Mama," Bwana Wengu akamwuliza, "kidonge unachopewa Jumatatu, unakifanyia nini?"

Bi Mwamvua akaweka mchi chini. Akafurahi kuulizwa. Hakuwa na la kuficha yule mama, na hakujua kwamba kulikuwa na la kufichwa.

"Nakigawa, Bwana."

"Unakigawa?"

"Nakiuma hapa katikati. Nusu ya Kijakazi, nusu ya Asmahani. Wote tunafanya hivyo. Mwenye mtoto wa ndugu bondeni humgawia nusu, asiye naye humpa wake kizima."

"Nani aliwaambia mgawe?"

Bi Mwamvua akamtazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito. Akaingia ndani, akatoka na kidonge alichokuwa amekiweka, maana Kijakazi siku hiyo alikuwa ametapika uji. Akakilaza kiganjani. Kilikuwa kidonge cheupe cha mviringo, na katikati yake, kama ilivyo kwa vidonge vingi, kiwandani walikuwa wamekichora mstari.

"Chenyewe kimeandikwa, Bwana," alisema. "Kama hakikuwa cha watu wawili, mbona kimetiwa mstari? Aliyekitengeneza huko Ulaya alijua. Wewe ulitupa upande mmoja kwa sababu ulijua tutavusha. Tulisema, huyu Mzungu ana adabu, hataki kutuingilia, ametuachia wenyewe tugawane."

Mimi nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kijiji kizima, mlango kwa mlango, bila mkutano wala amri, kilikuwa kimetengeneza alichokivunja daktari. Haikuwaingia akilini kwamba mtu mzima mwenye elimu angeweza kumpa mtoto mmoja na kumnyima mwenzake anayekula naye sinia moja. Jambo hilo lilikuwa nje ya mambo wanayoyajua duniani, kwa hiyo walimtafutia maana nzuri zaidi. Walimdhania wema. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao.

Bwana Wengu hakucheka.

"Nusu ya dawa haimlindi mtoto yeyote," alisema. "Mmewadhuru wote wawili."

"Basi lete viwili," alisema Bi Mwamvua.

Hakuleta viwili. Kesho yake alitoa amri. Kuanzia sasa nitakiponda kidonge mimi mwenyewe, nikikoroge na maji, mtoto anywe mbele ya macho yangu. Akanihesabia vya milango myekundu vya mwezi mmoja kwenye kopo dogo, bila kuzidi hata kimoja. Kisha akafunga kabati, akautia ufunguo kwenye mnyororo aliokuwa ameufunga kwenye mshipi wake.

"Si kwamba sikuamini," alisema.

"Bwana, mle ndani ndimo zilimo dawa za wagonjwa."

"Wagonjwa waende hospitali Pangani."

"Masika haya? Barabara ni tope mpaka kiunoni. Mtoto mwenye degedege atafika?"

"Nitarudi baada ya siku chache, Timotheo. Nina wageni Tanga, wanataka kusikia habari za kituo. Siku chache tu."

Akaondoka. Siku chache zikawa wiki, wiki zikazaana. Mvua ilinyesha kama imetumwa. Kila Jumatatu nilipita milango myekundu, nikaponda, nikakoroga, nikanywesha. Kijakazi alikunywa chake kizima, na Asmahani akasimama pembeni na mdomo wazi akingoja zamu yake, na mimi nikafunika kikombe na kuondoka. Bi Mwamvua hakunitania tena. Alinitazama tu. Heri angenitukana.

Asmahani alianza homa siku ya Jumatano. Mwatumu alimpaka maji, akamfukiza mvuje, akangoja, kwa sababu walishaambiwa milango myeusi haina chake kituoni. Alhamisi alfajiri nilisikia hodi mlangoni mwa kituo, nikafungua nikamkuta Mwatumu amembeba. Mtoto alikuwa wa moto, macho yamepinduka, mikono inaruka. Nimeiona degedege mara nyingi. Nilijua sindano gani inahitajika na ilikuwa kwenye rafu gani, ya pili kutoka juu, mkono wa kushoto.

Nilichukua nyundo. Nilipiga lile kabati kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Kufuli lilikuwa la ndani, chuma chenyewe kinene. Kilibonyea tu. Nikapiga bawaba, zikapinda, hazikutoka. Mpini ukavunjika mkononi. Nyuma yangu Mwatumu hakulia, alikuwa akisema polepole, "Jitahidi, Dresa, jitahidi kaka yangu," kana kwamba ni mimi ninayehitaji kutiwa moyo.

Nikapanda baiskeli kwenda mkongeni. Nasema nikapanda, lakini nusu ya njia niliibeba mimi. Kule kuna zahanati ya vibarua, na sheria yao ni kwamba dawa ni za wenye kipande tu, ile kadi ya kazi. Dresa wao, Zebedayo, tulisoma naye. Hakuniuliza kipande. Alinitazama tope lilivyonifika kifuani, akaingia ndani, akanifungia sindano na dawa ndani ya kitambaa, akasema, "Kimbia."

Nilikimbia. Niliporudi, jua lilikuwa limechomoza baina ya mawingu na wanawake walikuwa wamejaa uani kwa Bi Mwamvua. Waliponiona wakanipisha, na kwa jinsi walivyonipisha nikajua. Niliketi chini pale pale mlangoni, kitambaa mkononi. Bi Mwamvua alikuwa amemshika Kijakazi mapajani kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuporwa.

Saa saba mchana Landrova ikaingia, imejaa matope. Niliiendea. Bwana Wengu alishuka, akaingia kituoni, akatoka.

"Nani amepiga kabati langu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nabisha hodi."

Alifumbua mdomo kunikaripia, ndipo akasikia vilio. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna maziko alasiri, na aliyekufa alikuwa akijilaza njiani kumfunulia tumbo. Akajua ni mmoja wa watoto wale. Alikaa kwenye ngazi ya gari kwa muda. Sikukaa naye.

Alasiri alikuja makaburini, kofia mkononi, akasimama nyuma ya wanaume. Kaburi lilikuwa fupi, limeshachimbwa. Uweso alimbeba binti yake mikononi, amevikwa sanda, amefunikwa kanga ya Mwatumu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa mbele. Nilisimama kando, kama ipasavyo mtu wa dini nyingine, nikiwa na nia njema ya kukaa kimya. Naapa nilikuwa na nia hiyo.

Bwana Wengu akajongea karibu yangu, akaninong'oneza. Aliuliza kwa huzuni, nafikiri hata hakujisikia anavyouliza. Ni ulimi uliokuwa umeizoea kazi.

"Mtoto huyu ni wa upande gani?"

Yaani nyekundu au nyeusi.

Nilipita katikati ya watu, nikafika ukingoni, nikashuka ndani ya kaburi, nikaketi.

Mtani ana haki hiyo. Kwenye maziko ya mzee, mtani huingia kaburini akalala, akasema hapa ni pangu, sitoki mpaka nilipwe, na waliofiwa hucheka katikati ya machozi na kumrushia senti. Lakini hiyo ni kwa mzee. Kwenye msiba wa mtoto mtani huwa mpole, hubeba maji, hukata kuni. Hakuna aliyetazamia.

"Timotheo," akasema Jumbe Haji, "toka mle. Huyu ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Ndiyo maana nimeingia."

"Maiti hacheleweshwi," akasema mwalimu.

"Mwacheni," alisema Uweso. Alikuwa amesimama juu yangu na mzigo wake. "Mwacheni mtani adai chake."

Jumbe Haji akatoa shilingi, akaitupa karibu na mguu wangu. Nikaiokota, nikamrudishia juu.

"Sitaki hiyo."

"Wataka nini?"

"Nataka ufunguo ulio kiunoni mwa Bwana Wengu. Bila huo sitoki, na mkitaka mnizike mimi kwanza."

Vichwa vyote vikageuka. Bwana Wengu akashika mshipi wake.

"Timotheo," alisema, "haya ni mambo ya kazi. Tutazungumza ofisini."

Sikumjibu, maana sikuwa ofisini. Nilikuwa ndani ya udongo mbichi wenye maji, na mbele ya uso wangu mizizi ilikuwa imekatwa kwa jembe. Aliyejibu ni Jumbe Haji. Alimgeukia polepole, akaweka mikono nyuma, na kwa heshima zote akamdanganya.

"Bwana, hii ni mila. Mtani akidai kaburini, hatuziki mpaka alipwe alichotaja. Hata mimi jumbe sina nguvu hapa. Hata liwali hana."

Ulikuwa uongo mtupu. Wangeweza kunivuta masikio wakanitoa, na siku nyingine yoyote wangenitoa. Lakini hakuna mtu aliyecheka wala kusogea. Wote walimtazama mshipi. Uweso akamkumbatia mtoto vizuri zaidi, akangoja, mvua ikaanza kudondoka juu ya kanga.

Bwana Wengu akaufungua mnyororo. Alipoinama kunipa ufunguo niliona macho yake yamejaa machozi. Sikumhurumia. Machozi alikuwa nayo tele na dawa alikuwa nayo tele, na machozi ndiyo yaliyotangulia kutoka.

Nilitoka kaburini, nikawapisha wenyewe wamzike.

Sikungoja nioge. Na tope lile lile miguuni nilikwenda kituoni, nikatia ufunguo kwenye kufuli nililolipiga nyundo, likafunguka bila kelele. Nilituma watu waite bondeni kote. Nikagawa mpaka giza likaingia, kizima kwa kila mtoto, bila kumwuliza mtu mlango wake. Bwana Wengu alisimama nje ya dirisha, akanitazama, hakunizuia. Mara moja tu alisema, kama anazungumza peke yake, "Kijiji hiki hakifai tena." Nikamwuliza hakifai nini. Akasema, kwa utafiti.

Jumatatu iliyofuata alikuwa anafungasha. Darubini imo ndani ya sanduku lake, vioo vimefungwa katika pamba, karatasi ndani ya mabegi. Alikuwa amepata kijiji kingine, sijui wapi, na sikutaka kujua. Kazi yangu nayo ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameniambia kwa barua, ingawa tulikuwa tumesimama katika chumba kimoja. Nilikaa mlangoni na kopo, nikamalizia kugawa vilivyobaki.

Bi Mwamvua alikuja mwisho, amemshika Kijakazi mkono. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Tangu nimjue hakuwahi kuniita hivyo. Nikampa kidonge. Akakipokea, akakitia kati ya meno, akakiuma pale penye mstari, kama alivyozoea. Nusu akampa Kijakazi, akaimeza. Nusu ya pili ikabaki kiganjani mwake, na mkono wake ukawa umeshaanza kunyooka kuelekea upande wa kushoto, mahali ambapo mwaka mzima palikuwa na mdomo wazi.

Ukasimama hewani.

"Hiyo ya Asmahani," alisema Kijakazi.

Bi Mwamvua hakulia. Aliutazama mkono wake kama si wake, asijue aurudishe wapi. Mimi nilikuwa nimekaa pale mtani mzima, mwenye maneno, na nilikosa neno. Nilichokuwa nacho ni hasira tu, imenijaa mpaka masikioni. Nilimpa Kijakazi kidonge kingine kizima, kisha nikaichukua ile nusu kutoka kiganjani mwa mama yake. Nikaenda nayo mpaka kwenye gari.

Bwana Wengu alikuwa ameshakaa, injini inanguruma. Nikaingiza mkono dirishani, nikaufungua mkono wake, nikaiweka ile nusu ndani, nikamfumba vidole.

"Uliniuliza swali kule makaburini," nilimwambia. "Ni wa bondeni. Hiyo ndiyo yake."